Maji Niliyoyamwaga Miasenyi

Harufu ya vumbi likipata maji mara ya kwanza baada ya jua kali, watu wengi wanaipenda. Wajukuu wangu hutoka nje wakanusa hewa kama mbuzi. Mimi hufunga dirisha. Nitaeleza kwa nini, ila mnivumilie, maana shule niliiachia darasa la sita hapa Voi, na mkono wangu unaandika vile mdomo unavyoongea, unaenda huku unarudi kule.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi, katikati ya miaka ya tisini, kabla ya ile mvua kubwa iliyokuja kubeba madaraja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tuliishi Kaloleni, mama, kaka yangu Mwadime na mimi, chumba kimoja na kibanda cha mabati mbele yake. Baba alikuwa taniboi wa malori, msaidizi wa dereva. Alifia barabarani, upande wa Mtito, mimi nikiwa na miaka saba, na Mwadime, aliyekuwa kijana wa kumi na tano, ndiye aliyekwenda na wazee kumchukua. Aliporudi alisema jambo moja tu, kwamba baba hana viatu. Wala saa hana, wala koti. Kuna mtu alimvua akiwa amelala pale kwenye majani. Tulimzika baba na soksi zake. Nyumbani jambo hilo halikutajwa tena, lakini tangu siku ile Mwadime hakununua kitu kilichotumika bila kuuliza kilikuwa cha nani. Hata shati la mtumba aliligeuzageuza, akanusa kola, mpaka muuzaji akamwambia, "Kijana, unanunua shati ama unatafuta ndugu yako humo ndani?"

Sasa Mwadime alikuwa anafagia ofisi moja mjini, na ile ofisi ilipoleta kompyuta mpya, alipewa mojawapo ya zile kuukuu aondoke nayo. Ilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara, na feni yake ilinguruma kama kinu cha posho. Akaiweka kibandani, watoto wa Kaloleni wakaja kucheza geimu. Kulikuwa na mbili tu, ya nyoka na ya matofali yanayoanguka. Lakini alikuwa pia na disketi za geimu ya magari, amepewa na rafiki, na hiyo mashine iliikataa kabisa. Ukiiweka, skrini inaandika mstari mmoja wa Kiingereza, halafu giza. Fundi akamwambia memori ni kidogo, na kadi ya picha ni ya zamani, atafute vijiti viwili vya memori na kadi nyingine. Voi havikuwepo. Mombasa vilikuwepo vipya, na bei ya vipya ilikuwa bei ya ng'ombe. Mimi ndiye niliyeitaka hiyo geimu kuliko yeye. Nilikuwa nimeona picha yake kwenye gamba la disketi, gari jekundu linaruka mlima. Kila jioni nilimuuliza Mwadime, lini? Aliniita king'ang'anizi.

Likizo ya Agosti nikapelekwa Miasenyi kwa shangazi Mkawasi, dada yake baba. Shangazi aliuza mayai ya kuchemsha na makaa kando ya barabara kuu. Mwanamke mkubwa, mwenye kicheko kinachosikika ng'ambo ya lami, mvuta ugoro, na alikuwa na mbuzi mmoja aliyemwita Chifu kwa sababu anakula vya watu bila kuomba. Nampenda mpaka leo, ingawa ameshalala kaburini. Nasema hivyo mapema ili msije mkamchukia peke yake.

Maji Miasenyi yalikuwa taabu. Ulipanga foleni kwenye mfereji wa bomba toka alfajiri, na ndoo ikijaa unaibeba kama yai. Asubuhi moja narudi na ndoo yangu kichwani, ngata imelowa, maji yananidondokea shingoni, nikasikia breki, kisha mshindo. Trela lililotoka Mombasa lilikuwa limelala ubavu hatua kama hamsini mbele yangu. Kontena limepasuka, na kutoka humo zilikuwa zinamwagika kompyuta za mtumba, skrini na masanduku, kama mahindi yanavyotoka kwenye gunia lililotoboka.

Watu walitoka sijui wapi. Pale palikuwa na nyumba chache, lakini kabla vumbi halijatulia walishajaa. Mimi nilikuwa wa karibu zaidi na kichwa cha lori. Dereva alikuwa amebanwa ndani, uso umegeukia upande wangu, mkono mmoja umetoka dirishani. Hakupiga kelele. Aliiangalia ndoo, akasema, "Mtoto, maji." Akarudia, "Maji kidogo, mama."

Ndipo shangazi akapiga ukelele kutoka kwenye kontena. "Wakesho! Umesimama kama mlingoti! Mwaga hayo maji, lete ndoo!"

Nikamwaga. Ningeweza kusema ni shangazi, na kwa miaka mingi nimejiambia hivyo. Lakini mikono ilikuwa yangu, na macho yangu yalikuwa yameshaona kompyuta, na kichwani mwangu lilikuwa limeshapita lile gari jekundu. Niliinamisha ndoo pale pale mbele yake. Ile ardhi ilikuwa haijaona maji kwa miezi, ikanyonya yote, ikatoa ile harufu. Dereva aliyafuata maji kwa macho mpaka yakaisha.

Nikaijaza ndoo vitu vya kontena, nikavipeleka kwa shangazi. Niliporudi mara ya pili na ndoo tupu, macho yalikuwa bado wazi lakini hayaniangalii. Baadaye polisi walikuja, watu wakakimbilia vichakani, na mimi nikiwa nyuma ya boma la yule mbuzi Chifu nikaona wanavyomtoa. Walimfunika leso mwili mzima, mpaka usoni. Jioni watu walisema amepelekwa hospitali ya Voi. Walisema hivyo wote, kwa sauti ya haraka, na hakuna aliyemuuliza mwenzake zaidi.

Wiki iliyofuata Mwadime alikuja kunichukua. Shangazi alikuwa amempelekea salamu kwamba amemwekea vitu vya kompyuta. Akavitoa uvunguni, akavitandaza kitandani juu ya shuka. Mwadime akavifungua na bisibisi yake, na nikamwona uso ukibadilika. Vijiti vya memori vilikuwa vinne. Kadi ya picha ilikuwa kubwa kama kiganja chake, inang'aa. Akaipuliza vumbi, akaishika ukingoni tu, kama mtu anayebeba kifaranga. Kisha akairudisha kitandani.

"Shangazi, hivi ni vya lile trela?"

"Sasa vingekuwa vya shamba langu?" Shangazi akacheka. "Chukua, mwanangu. Wewe nakufanyia bei ya damu. Wengine wameshakuja mara mbili."

"Dereva je?"

"Alipelekwa hospitali."

"Najua alipelekwa. Alipona?"

Shangazi akachukua ugoro. "Mimi nitajuaje? Mimi ni daktari?"

Mwadime akakaa kwenye kigoda. Alivitaka vile vitu, ilionekana hata mikononi. Akasema taratibu, "Kama yule mtu alikufa, sivigusi, shangazi. Hata ukinipa bure. Unajua sababu." Shangazi akaangalia chini, maana baba alikuwa kaka yake, na yeye ndiye aliyemvalisha zile soksi. Halafu Mwadime akanigeukia mimi. Hakumwamini shangazi. Mimi aliniamini.

"Wakesho, wewe ulikuwepo. Niambie kweli."

Kuna watu husema mtoto hajui. Nilijua. Nilijua kwamba nikisema alikufa, ataniuliza nilimwona wapi, na nilikuwa nafanya nini, na ndoo ilikuwa na nini. Na nilijua pia kwamba gari jekundu litabaki gizani.

"Alipona," nikasema. "Alikuwa anaongea."

Akavinunua. Njia nzima kurudi Voi alivipakata, anapiga mluzi. Jioni ile ile akavipachika, akatia disketi, na skrini ikajaa rangi ambazo sijawahi kuziona kwenye kioo. Watoto wa Kaloleni walipiga kelele hadi mama akatoka na mwiko. Mwadime akaniita mbele ya wote nicheze wa kwanza. Nikacheza. Kona ya pili nikapinduka. Katika ile geimu ukipinduka gari linabiringika, linasimama lenyewe kwa magurudumu, na unaendelea na safari. Niliweka mikono chini.

"We king'ang'anizi, si ndiwe uliyenikosesha usingizi?" Mwadime akashangaa.

Nikamwambia kichwa kinaniuma. Sikuicheza tena, wala yeye hakujua kwa nini. Ile mashine ilimfungulia njia. Leo ana duka la kutengeneza kompyuta na simu hapa mjini, na watoto wake wamesomeshwa na duka hilo.

Wiki iliyopita kijana wangu wa mwisho alitaka kununua kadi ya picha ya mtumba, anacheza geimu za siku hizi, za kucheza na watu walio mbali. Muuzaji yuko Nairobi, hawajaonana uso kwa uso. Kijana alikuwa na maswali mengi, imetumika miaka mingapi, inapata joto kiasi gani, imewahi kufunguliwa. Mwadime alikuja kula kwetu, akamsikiliza, akatikisa kichwa. "Umesahau swali la kwanza. Ilikuwa ya nani? Mimi za kwangu zilitoka kwenye ajali, lakini sikununua mpaka nilipojua yule mtu alipona. Muulize mama yako. Ndiye shahidi wangu."

Wote wakanigeukia, vijiko mkononi. Mjukuu wangu mdogo alikuwa anakunywa maji kwenye kikombe, ananiangalia juu ya ukingo. Siku hizi mfereji uko hapa hapa uani, unafungua tu.

Nikasema, "Ndiyo. Alipona."

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na miwili, naogopa kugombezwa. Mara hii hakuna aliyeweza kunigombeza. Shangazi hayupo, mama hayupo, geimu yenyewe ilishatupwa. Nilisema tu, kama mtu anayejibu salamu. Hiyo ndiyo tofauti ya zamani na sasa niliyoipata, na sikuitafuta.

Jumapili Mwadime anakuja tena kula. Mwandiko wangu anaujua, hahitaji miwani. Karatasi hizi nitampa kabla hatujanawa mikono, na akitaka kuondoka bila kula, sitamzuia.