Nilivyojaribu usalama wa kamera ya Mzee Ambakisye kule Ikolo, ikaishia kikao cha ukoo

Wakuu, habari za mihangaiko.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe na humu hakuna chai. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wapo, na baadhi yao siku hizi wanaingia mtandaoni.

Mimi ni fundi redio hapa Kyela mjini. Mambo ya kompyuta na mitandao sikuyasomea chuo. Nimejifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kuharibu vifaa vyangu mwenyewe. Nina kanuni moja: sigusi kifaa cha mtu bila ruhusa yake, na nikishapewa ruhusa napanga kwanza nitajaribu nini, halafu nafuata mpango.

Shikeni hapo kwenye kufuata mpango, maana ndipo nilipoteleza.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kakao wamejaa wilayani, kila kona mzani, kila mzani na bei yake. Unaweza kuanika kakao yako asubuhi, jioni ikawa imeshauzwa na mtu asiye na hata mche mmoja.

Mzee Ambakisye wa Ikolo aliibiwa hivyo mara mbili. Mwanae Gwakisa, anayefanya kazi Mbeya, akamletea kamera ya intaneti. Akaifunga kwenye nguzo karibu na vichanja vya kuanikia, akavuta waya hadi kwenye router, na picha ikawa inaonekana kwenye TV ndogo sebuleni. Ukiwa mbali unaweza kuiangalia kwa simu, na kamera ina spika, kwa hiyo ukiona mwizi unamfokea ukiwa popote.

Mzee akaniita. "Fundi, hii kitu naambiwa iko kwenye intaneti. Na intaneti si wapo watu?"

Nikamwambia wapo, tena wengi.

"Basi jaribu kuingia kama mwizi. Ukiweza, uje uniambie umepitia wapi."

Wakuu, nimeshafanya kazi na watu wenye ofisi na viyoyozi ambao hawajawahi kuuliza swali zuri kama lile.

Sasa kwa wasiojua mila za kwetu. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, baba mkwe na mkamwana wake hawaonani. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia migombani. Hawasalimiani wala kutazamana. Hakuna ugomvi wowote hapo, ndiyo heshima yenyewe.

Na anayegeuza kakao pale nyumbani ni Tusekile, mke wa Gwakisa.

Kwa hiyo walishawekeana utaratibu kabla sijaitwa. Mchana, Tusekile akiwa vichanjani, TV inafunikwa kitambaa cha meza. Jioni kitambaa kinatolewa. Mfumo wa ulinzi wenye kitambaa, lakini ulikuwa unafanya kazi.

Nikaanza kazi. Udhaifu wa kwanza niliukuta sokoni, nikiwa nanunua usipa, vile vidagaa vya Ziwa Nyasa. Muuza usipa alikuwa amepanga mafungu yake juu ya boksi la kamera ileile. Mama Gwakisa, mke wa Mzee, alikuwa amempa. Pembeni ya boksi kuna namba ya kamera, na hiyo namba ndiyo unayoingiza kwenye app. Nikanunua usipa na namba kwa pamoja.

Udhaifu wa pili: password. Nikaandika admin, na jina la mtumiaji admin. Ikafungua. Hata jasho halikunitoka.

Asubuhi ileile, nikiwa dukani kwangu mjini, naona uwanja wa Mzee Ambakisye ulivyo: vichanja, kuku, na mwanamke wa khanga ameinama, ameipa kamera mgongo, anageuza kakao kwa reki ya mbao. Picha ilikuwa na ukungu. Nikajua ni Mama Gwakisa, maana habari za Tusekile na kitambaa nilikuwa sijaambiwa bado.

Kilichofuata kwenye mpango ni kupima spika. Nilikuwa nimepanga kusema: moja, mbili, tatu.

Lakini wakuu, niambieni ukweli. Mama mtu mzima yuko mbele yako, asubuhi, anafanya kazi. Unamhesabia namba? Umelelewa wapi?

Nikabonyeza kitufe, nikasema kwa adabu zote: "Mugonile, mama. Poleni na kazi."

Yule mwanamke akageuka. Hakuwa Mama Gwakisa.

Reki ikaruka juu. Tusekile akapita katikati ya vichanja viwili mahali ambapo hata kuku huzunguka, kichanja kimoja kikalala chini na kakao yake, na nikaona kisigino kikiishia migombani. Kandambili moja ikabaki katikati ya uwanja. Jogoo akaja kuikagua.

Mjue alichosikia yeye. Sauti ya mwanaume mtu mzima inatoka kwenye kamera ya baba mkwe, inamsalimia. Na kwenye spika ya bei ile, wanaume wote wa umri wangu tuna sauti moja, ya mtu aliyeingia kwenye ndoo.

Nikapiga simu ya Mzee, haipatikani. Nikachukua bodaboda hadi Ikolo. Nilipofika, Tusekile alishabeba mtoto na kuondoka kwenda kwao Njisi, na ameacha ujumbe kwa jirani: nyumba ambayo baba mkwe anamchungulia na kumsalimia hairudii.

Mzee nilimkuta sebuleni mbele ya TV iliyofunikwa. Alikuwa peke yake muda wote ule, hana shahidi hata mmoja. Nikamweleza palepale kuwa sauti ilikuwa yangu.

"Fundi, nilikuambia uingie kama mwizi. Mwizi gani anasalimia?"



Siku ya kikao walikuja watu wa Njisi. Msemaji wao alikuwa shangazi yake Tusekile, Shangazi Subilaga, anayevuka mto Songwe kuleta vitenge kutoka Malawi. Mwanamke aliyezoea kubishana na watu wa pande mbili za mpaka kwa lugha tatu. Tusekile mwenyewe alikuja nao, lakini akakaa nyuma ya jiko, asionane na mkwewe. Anasikia kila kitu.

Mzee akajitetea: "Nimeishi na adabu yangu mpaka mvi hizi, leo nikamsalimie mkamwana kwa spika?"

Nikasimama. "Shangazi, aliyesema ni mimi."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Dukani kwangu, mjini."

"Kutoka mjini hadi hapa bodaboda anafika amechoka. Hiyo sauti yako ilipanda nini?"

Watu wakacheka. Nikaeleza intaneti ni nini. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, nikatolea mfano wa redio.

Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndaga fijo, baba, ahsante sana, umesoma. Sasa tuonyeshe."

Hilo nilikuwa nimelitegemea. Nikatoa simu, nikafungua app, admin, admin.

Ikakataa.

Nikarudia polepole. Ikakataa.

Wakuu, kumbe Gwakisa aliposikia huko Mbeya kwamba kamera imeingiliwa, alibadilisha password usiku ule na hakumwambia mtu. Kitu sahihi kabisa. Ningekuwa nimemshauri hivyohivyo. Lakini siku ile nilimlaani kimoyomoyo kama mtu aliyefungiwa choo.

"Mpigie mwanangu akupe hiyo namba ya siri," Mama Gwakisa akasema.

"Hapana!" Shangazi akamkata. "Akipewa na mtoto, tutajua tu kwamba watu wa nyumba hii wanaweza kusema humo. Na mzee si mtu wa nyumba hii? Mnataka kutuambia anaingia mtu wa nje. Aingie kama mtu wa nje."

Nawaambia kweli, nimesoma maelezo mengi kuhusu kupima usalama, sijaona aliyeeleza kanuni ile vizuri zaidi.

Mzee akainamisha kichwa. Mkamwana anaondoka kweli, jina la Mzee limeharibika, na wingu la Kyela mnalijua, lilikuwa limeshajaa juu ya kakao ambayo nusu yake haijageuzwa tangu juzi.

Nikatazama ile nguzo. Gwakisa alikuwa ameifunga kamera usawa wa kifua, ili asipande ngazi.

Chini ya kamera kuna tundu dogo. Hilo ni la reset. Ukilibonyeza kwa kitu chembamba kwa muda kidogo, kamera inasahau kila ulichoifundisha na kurudi ilivyotoka kiwandani. Lilikuwemo kwenye mpango wangu, baada tu ya spika.

"Shangazi, una pini?"

Akachomoa moja kwenye kilemba. Nikataka kuishika, nikasita. Nikimbonyezea mimi, atasema nimefanya mazingaombwe.

"Bonyeza wewe mwenyewe."

Akabonyeza. Taa ya kamera ikazima, ikawaka. Tukasubiri.

Kisha nikampa simu yangu, nikamwonyesha pa kuandika. Akaandika admin kwa kidole kimoja, mara mbili. Nikamwomba aende barabarani, kule kwenye daraja la miti, ambako hatumwoni na hatumsikii.

Tukakaa. Kuku wakapita. Mzee mmoja wa Njisi akaanza kupiga miayo.

Ghafla nguzo ikasema: "MUGONILE, TATA AMBAKISYE!"

Mzee alinyanyuka na kiti. Yule mzee wa Njisi alifunga mdomo katikati ya mwayo. Nyuma ya jiko tukasikia kicheko kikipasuka, cha Tusekile, kisha kikazibwa kwa khanga.

Nguzo ikaendelea. "Nawaona wote! Wewe shemeji, acha kujikuna, tuko kwenye kikao! Na nani amemwaga kakao ile pale na mvua inakuja? Mnatazama nini?"

Ilibidi tumtume mtu kwenye daraja akamwombe Shangazi arudi. Alikuwa hajamaliza.

Aliporudi alimshika Mzee mkono kwa mikono miwili. "Tumekukosea, tata, baba yetu. Kweli humu anaweza kusema yeyote. Hata mimi."

Nikaona wakati wangu umefika. Nikasema sasa naweka password ndefu, kamera inapandishwa juu ya nguzo, na boksi lirudi kutoka sokoni.

Mzee akaruka. "Usifunge! Leo nimepona kwa sababu iko wazi. Ukiifunga, siku ikisema tena nitamsingizia nani?"

Wakuu, mteja wa kwanza kunilipa nitafute matundu na kunikataza nisiyazibe. Na hoja yake nilishindwa kuivunja.

Tulivyomaliza ni hivi. Nilifungua kamera, nikakata waya wa spika kwa koleo, Shangazi akishuhudia. Kamera bubu haisingiziwi. TV ikahamia jikoni kwa Mama Gwakisa, ambaye hana mwiko na mkamwana wake, na password akaweka yeye. Mzee akitaka kujua habari za kakao yake, anamuuliza mkewe.

Matone yakaanza. Tusekile alikuwa bado nyuma ya jiko, na njia ya kwenda vichanjani inapita mbele ya tulipokaa.

Mzee Ambakisye alinyanyuka, akageuza kiti chake kikatazama migomba, akakaa, akajifunika koti kichwani. Tusekile akapita mbio na turubai, sisi wengine nyuma yake, tukafunika kakao yote. Mzee hakugeuka mpaka alipoitwa kula.

Funzo nililopata: kabla hujajaribu kifaa cha mtu, usiulize tu nani haruhusiwi kuingia. Uliza pia ni nani na nani ndani ya nyumba hawaruhusiwi kuonana. Na kama umepanga kusema moja mbili tatu, sema moja mbili tatu.

Nawaachia ukumbi. Nyie mnaofunga kamera huko mikoani, mila gani zimewahi kuwavurugia kazi? Na wajuzi wa usalama mnijibu hoja ya Mzee, maana mimi bado naitafutia jibu.