Pembe ya Chini, Kushoto

Nilipaswa kukataa siku ileile, mbele ya meza ya mwalimu. Aliniambia, "Kamati ya kanisa inataka kazi ya mwanafunzi wangu. Tukiandika kwamba mama yako amesaidia, watauliza mama gani, amesoma wapi. Tuandike wewe tu."

Nikasema, "Sawa, bwana."

Yeye ndiye aliyetoa wazo, lakini kalamu niliishika mimi na hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari huko Iringa, katikati ya miaka ya hamsini. Kanisa jipya lilikuwa linajengwa Mbeya, na kamati yake iliahidi kwamba atakayechora nakshi ya mlango atapendekezwa kwenda chuo cha ualimu. Nilikitaka chuo kile kuliko kitu chochote.

Mwalimu wetu wa kuchora alitoka Uskoti, na ukimwita Mwingereza alinuna siku nzima. Alitufundisha mafundo ya kale ya kwao, ya watu walioitwa Wakelti, ambao waliyachonga kwenye misalaba ya mawe. Ni kamba inayojipinda na kujipita yenyewe, juu, chini, juu, chini, mpaka irudi ilikoanzia bila kuonyesha ncha. Wenzangu waliyaita matumbo ya mbuzi. "Leo tunachinja wangapi?" walinong'onezana kila kipindi kilipoanza. Mimi niliyapenda. Unaanza na nukta, safu kwa safu, kwenye karatasi ya miraba. Unapitisha mistari ya mshazari katikati ya nukta, unaweka vizuizi pale unapotaka kamba igeuke, kisha kwenye kila makutano unafuta mstari mmoja kwa zamu, ili kamba ipite huku juu, huku chini. Ukipita juu mara mbili mfululizo umeharibu, hata kama hakuna atakayeona haraka.

Kwa mlango ule mwalimu alitaka kamba moja tu ijaze ubao mzima. Zangu zilitoka nne, kila moja ikizunguka kivyake. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Likizo ikaanza, nikaenda nayo nyumbani, nje kidogo ya mji, ambako mama yangu, mjane, alisuka vikapu vya nyasi za milulu na kuviuza kwenye duka la Mhindi. Aliichungulia karatasi.

"Huyu mzungu wako anafuga nyoka?"

"Ni kamba, mama. Inatakiwa iwe moja, zinatoka nne."

"Umemuuliza nani?"

"Mwalimu."

"Kwani mwalimu anasuka?"

Alilowesha milulu, akasokota kamba nyembamba na ndefu, akaanza kuipanga juu ya ungo huku akitazama nukta zangu. Aliifumua mara nyingi kuliko nilivyofuta mimi. Siku ya pili alasiri akanisukumia ungo. "Haya, msomi, tafuta mwisho wake." Nilitafuta kwa macho, nikatafuta kwa vidole. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nilinakili fundo lile kama lilivyokuwa, nikampelekea mwalimu, na nikamweleza ukweli wote. Ndipo akasema yale niliyoanza nayo.

Baada ya kukubali sikutulia. Nilijiambia kwamba nikibadilisha kidogo, nitakuwa sijadanganya sana. Nikaichora upya pembe ya chini, kushoto, mahali ambapo mama aliigeuza kamba kama anavyomaliza ukingo wa kikapu. Yangu niliiona nadhifu zaidi.

Fundi aliyeuchonga mlango alikuwa Kalasinga mmoja wa Mbeya, mzee mwenye penseli kwenye kilemba. Nilipompelekea mchoro aliutandaza juu ya ubao wa mninga, akaufuata kwa ukucha, akasimama.

"Kijana, hapa kamba yako imepanda mara mbili. Imesahau kushuka?"

"Chonga kama ilivyochorwa."

"Mimi nachonga. Lakini mti haufutwi kwa raba."

Niliona kwamba amesema kweli. Ila kusahihisha kungenirudisha kwenye ungo wa mama, na kwa mama sikutaka kurudi nikiwa na uongo ule mkononi.

Siku ya kubariki mlango mama alikuja. Nilimwalika mwenyewe, hata leo sijui nilitegemea nini. Alisafiri siku nzima kwa lori kutoka Iringa, akafika amepauka kwa vumbi na baridi, na kikapu kipya cha kumzawadia mwalimu. Mama aliongea Kihehe. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani tu, na tangu nilipojua kusoma mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake, iwe kwa daktari au kwa karani.

Mwalimu alisimama mlangoni, akaniwekea mkono begani, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Kijana huyu amebuni kazi hii peke yake." Watu wakapiga makofi.

"Amesema nini?" mama aliniuliza.

"Amesema mlango ni imara, mama. Amekushukuru kwa kuja."

Mama alisogea mlangoni, akaweka kidole kwenye nakshi, akaanza kuifuata kamba huku midomo ikicheza: juu, chini, juu, chini. Alifika pembe ya chini, kushoto, akiwa amechuchumaa, na kidole kikasimama.

"Hapa pameharibika. Waambie warekebishe. Waambie nitawaonyesha."

Mwalimu akauliza mama anasemaje. Nikamwambia, "Anasema mlango ni mzuri sana."

Mama aliinuka taratibu, akanitazama. "Mhindi huniambia kila siku, kikapu kimoja peke yake hanunui. Neno hilo la mwalimu, peke yake, nalijua, baba."

Kikapu alimpa mwalimu kwa mkono wake, hakunipitishia mimi. Akarudi Iringa kwa lori la kesho yake.

Nilienda chuo, nikapangiwa kufundisha Mbeya. Nilipomtembelea alinipikia, aliniuliza kuhusu kazi, hakunitukana hata mara moja. Lakini hakuniomba tena nimsemee. Tukiwa wote wawili kwa karani alimwita mwanamke jirani yake aje amfasirie, mimi nikiwa nimesimama pale pale. Niliona aibu, na sikuwahi kusema, "Nisamehe." Hilo nalo ni kosa langu, si la mwalimu.

Miaka ya hamsini ilipokuwa inaisha alilazwa hospitali Iringa. Jirani ndiye aliyekaa kando ya kitanda akimfasiria daktari. Baadaye aliniambia kwamba alimsihi niandikiwe barua nije nimsemee, na mama akakataa. "Nataka maneno yangu yafike kama nilivyoyasema." Barua ya kifo chake ilinifikia baada ya maziko.

Mlango upo bado, na pembe ile ninaijua bila kuitazama. Nilipata cheti, nikapata kazi ya maisha. Kwa ajili ya hayo mama yangu aliacha kuniamini, akafa akisemewa na mtu mwingine, na mimi mwanawe sikuwapo.