Njia Isiyokuwemo Kwenye Akta

Kampuni iliyotuahidi njia ilikufa bila maziko. Magari yake bado yanapita kijijini kwetu, karibu na mji wa Palma, na madereva ni wale wale. Mmoja anapiga honi mara mbili akifika mlangoni pa mama mdogo wangu, kama alivyozoea. Kilichobadilika ni kibandiko ubavuni mwa gari na kufuli kwenye geti. Mtu aliyetoa ahadi yu hai pia. Ana afya njema, na cheo kikubwa kuliko zamani.

Nitaeleza kwa mpangilio, kwa kuwa mpangilio ndiyo kazi yangu. Mimi ni mkalimani. Kampuni zinapokutana na wanakijiji, nageuza Kireno kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kireno, kisha naandika akta, kumbukumbu za kikao ambazo pande zote hutia saini. Naandika hata mambo ambayo hakuna aliyeniomba: nani alichelewa, nani alikaa karibu na mlango, nani alisema ndiyo huku akitazama chini.

Kampuni ya kwanza ilikuja baada ya sisi kurudi kutoka ukimbizini. Ilitaka eneo la ufukweni la kuwekea mawe na mabomba, na gati ndogo. Katikati ya eneo hilo ilipita njia ya wanawake. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na kuacha mwamba wazi, wanawake hushuka kwa njia hiyo na vyuma vyao, kuchokoa pweza na kuokota chaza. Aliyekuwa akiwatangulia ni mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu afariki. Hana mume, na shamba lake ni dogo. Mwamba ndio unaomlisha. Ukizunguka eneo lile kwa miguu, unafika maji yameanza kurudi.

Kikao kilifanyika darasani, skolani, kwenye shule ya kijiji. Injinia wa kampuni, mgeni kutoka ng'ambo, tulikuwa tunamjua. Alikwisha kula kwa mama mdogo, na salamu zetu alizijua zote. Mambo mengi yalipokwisha kukubaliwa, mama mdogo alisimama.

"Injinia, baba, kisima nimekisikia, kazi za vijana nimezisikia. Sasa miguu yetu itapita wapi?"

Nikatafsiri. Akajibu bila kusita kwamba njia itabaki wazi kila bamvua, hata uzio ukishajengwa. Nikatafsiri tena, na wanawake wakapiga vigelegele. Mwalimu wa madrasa akasema, "Basi tulifunge. Al-Fatiha." Watu wote wakafungua viganja, injinia naye akafungua vyake. Mimi niliweka kalamu chini, maana huwezi kuomba dua umeshika kalamu.

Tulipokwisha kupangusa nyuso, niliiokota, nikamuuliza mwalimu kama niandike na lile la njia.

"Fatiha imeshasomwa," alisema. "Unataka kuandika nini juu yake?"

"Mwacheni huyo," mtu mmoja akadakia kutoka nyuma. "Akifa, kaburini atawadai malaika Munkari na Nakiri akta."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kwetu, kuomba maandishi baada ya Fatiha ni kumwambia mwenzako kwamba Mungu hatoshi kuwa shahidi. Nikafunga daftari. Akta ikatiwa saini: kisima, kazi, mipaka ya eneo.

Kwa muda mrefu hakuna aliyeikumbuka akta ile. Uzio ulijengwa, geti likawekwa pale njia ilipopita, na kila bamvua mlinzi alilifungua. Kisha tukaletewa habari kwamba kampuni imeingia ushirika na nyingine, ya nchi nyingine. Magari yakawa na vibandiko viwili. Haukupita mwaka, ikaja barua ya pili: sasa zimeungana, zimekuwa moja, yenye jina jipya. Niliisoma barua hiyo kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya watu.

"Nani ameoa, nani ameolewa?" mama mdogo aliuliza.

"Wanasema wako sawa, mama."

"Hakuna nyumba ya hivyo. Lazima mmoja ashike funguo."

Bamvua iliyofuata, geti lilikuwa na kufuli. Mlinzi mpya alisema ana orodha ya wanaoruhusiwa kupita, na wanawake hawamo.

Tuliomba kikao. Walikuja watu watatu na jalada, na injinia alikuwa mmoja wao, amevaa beji mpya. Nilifurahi kumwona. Ninapokumbuka siku ile, hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilifurahi. Nilijua jambo litakwisha kabla chai haijapoa.

Mkubwa wao alieleza kwamba kampuni mpya imerithi ahadi zote za kampuni ya zamani, yaani zote zilizoandikwa. Akazisoma. Kisima kilikuwemo. Alipofika mwisho nilifanya jambo ambalo mkalimani hatakiwi kulifanya: nilisema maneno yangu mwenyewe. Nilisema iko ahadi ya njia, na aliyeitoa amekaa hapa.

Injinia aliivuta akta, akapitisha kidole juu ya mwandiko wangu, ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa anajua hatakuta kitu. Alikuwepo nilipoweka kalamu chini.

"Haimo kwenye akta," alisema.

Wanawake walikuwa wananitazama mimi, wakisubiri. Nikawaambia, "Anasema haimo kwenye akta." Sikuongeza neno wala sikupunguza.

Mama mdogo hakupaza sauti. "Muulize, mwanangu, alipokuja kwangu alikula nini."

Nikamuuliza. Injinia akatabasamu. "Pweza wa nazi," alisema kwa Kiswahili chake. "Mtamu sana."

"Basi mwambie atutajie, yule pweza alipita njia gani mpaka akafika kwenye sahani yake."

Darasa zima lilicheka. Nilitafsiri. Injinia alifunga akta, akamgeukia mkubwa wake, wakaanza kuzungumza kwa lugha ambayo mimi siijui.

Nje, jirani mmoja alinisimamisha mbele ya watu. "Wewe unayeandika hata nani kapiga chafya, hili lilikushinda?" Mwalimu wa madrasa alikuwa karibu, akawa anatafuta viatu vyake, na vilikuwa miguuni.

Mama mdogo alisubiri mpaka tukafika nyumbani. "Yule ni mgeni," alisema. "Wewe Fatiha nilikufundisha mimi." Akaingia ndani.

Kampuni mpya ina ofisi ya malalamiko. Waliniambia kwamba ahadi ya mdomo inaweza kupokelewa ikiwa itaandikwa na kutiwa saini na watu wawili: aliyeitoa na aliyeitafsiri. Niliandika kila kitu. Niliandika nani alikaa wapi, mama mdogo aliuliza nini, injinia alijibu nini, na kwamba alifungua viganja. Nikatia saini yangu, ingawa mkataba wangu wa ukalimani siku hizi unatolewa na kampuni hiyo hiyo. Nikampelekea injinia karatasi hiyo mkononi. Aliisoma yote akiwa amesimama getini, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati. "Nitaangalia," alisema.

Bamvua tatu zimepita. Wanawake wanazunguka uzio na kurudi na nusu ndoo. Mama mdogo hawatangulii tena. Chuma chake kimesimama nyuma ya mlango. Ananipikia, ananiuliza habari za kazi, lakini neno njia halitamki. Dereva bado anapiga honi mara mbili.

Karatasi iko kwa injinia. Sijui kama ametia saini. Bamvua nyingine inaanza Alhamisi.