Kibuyu Nilichokisugua kwa Sabuni

Mama mkwe wangu na mimi hatupendani, na mtu asije akanianzia habari za kusameheana. Tangu niolewe hapa Migato ananiita mtoto wa dagaa, kwa kuwa kwetu Lamadi tunauza samaki. Na mimi humjibu kimoyomoyo maneno ambayo hapa siyaandiki.

Tumbo lilianza kuniwaka wakati wa palizi. Nikapimwa hospitalini Bariadi, nikaambiwa nina vidonda vya tumbo, vimeletwa na bakteria waliojichimbia kwenye ukuta wa tumbo. Dawa siku kumi na nne. Nilirudi nyumbani nimechukia kila kitu chenye bakteria. Na jikoni kwa mama mkwe kulikuwa na kibuyu cha maziwa ya mgando ambacho hakijawahi kuonja sabuni. Anakisuuza kwa maji tu, anaacha mabaki ya jana yagandishe maziwa ya leo. Uchafu gani huu! Nikamwaga yote jalalani, nikakisugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto mpaka mkono ukauma. Alipokikuta hakupiga kelele. Alikinusa, akakiweka chini, na kuanzia siku ile akaacha kuitikia salamu zangu.

Dawa zikaniharisha vibaya mno. Siku ya tano nikazitupa. Wiki chache baadaye nikatapika damu mbele ya watoto wangu watatu.

Daktari alinifokea wagonjwa wengine wakisikia. "Ulidhani ni peremende? Umewajeruhi hao bakteria ukawaacha, sasa wanaweza kuwa sugu. Ukiacha na dozi hii, mama, sijui nitakupa nini tena."

Nikamweleza kuhusu kuharisha. Akasema dawa huua hata bakteria wazuri, wale wanaowabana wabaya wasijitanue. Ninywe mtindi kila siku, saa chache baada ya vidonge. Peke yake hauponyi, akasisitiza, ila unaweza kusaidia tumbo livumilie dozi. Na maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe mgando. Nilijisikia mjinga kabisa. Wasaidizi wangu nilikuwa nimewamwaga mwenyewe!

Mume wangu ndiye aliyemweleza mama yake. Mimi nilikataa katakata. Asubuhi nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Akanipita kama sipo, akaenda kwa jirani, akarudi na kikombe cha mgando wa kuanzishia. Kisha akachemsha maziwa, yeye ambaye siku zote husema maziwa yakichemshwa yameharibiwa. Kesho yake bakuli likawekwa mlangoni pangu.

Likawekwa kila siku, bila neno hata moja. Zilikuwepo siku nilizolia kwa hasira nikilinywa, lakini nililinywa. Tumbo lilinguruma tu, halikunishinda, na safari hii nikafika kidonge cha mwisho.

Mwezi mmoja baadaye nikapimwa tena. Bakteria hawakuonekana. Nilimkuta mama mkwe uani anachambua pamba, nikajikaza kweli kweli.

"Asante, mayu. Nimepona. Umenisaidia."

Akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu nimwage maziwa yake.

"Nikusaidie wewe, wewe nani?" akasema. "Mimi nililelewa na mama wa kambo. Wajukuu zangu, hapana."