Anwani ya Jemutai

Mathe wa saiba, mama mzee ajaye kwenye duka letu la intaneti hapa mtaani Section 58, hupangusa kibodi kwa ncha ya leso, halafu huandika anwani moja tu: blogu ya bintiye Jemutai, aliyeenda ng'ambo akanyamaza. Anwani hiyo haitegemei seva moja. Nakala zake ziko kwenye kompyuta za watu wengi, hadi kule mashambani Dundori. Juzi wahuni waliilemea seva kuu ya majina, kompyuta inayoelekeza watu kwenye anwani za tovuti, kwa maombi ya uongo ya kufungua kurasa, na tovuti zetu zote zikakosa kupatikana. Yake ikafunguka.

"Mathe, yako wameshindwa nayo," nikamwambia.

Akaweka kidole kwenye skrini, pale penye tarehe ya zamani ya andiko la mwisho la Jemutai. "Jina halijawahi kunipotea," akasema polepole. Kisha akabonyeza tena, na ukurasa ukaja vilevile, bila andiko jipya.