Mizizi ya Nkambo Haichemshwi

Naungama mapema ili mnicheke mara moja tu: nilichemsha mizizi ya munkoyo. Kwetu Lubumbashi munkoyo ni kile kinywaji cha mahindi, kitamu, chenye ukali kidogo, na mimi niliamini mizizi hutiwa kwa ajili ya harufu tu, kama majani ya chai. Alhamisi, mama akiwa sokoni, niliitupa yote kwenye uji unaotokota ili nimalize haraka nikacheze mpira. Uji ukagoma kuwa mwepesi. Ulisimama sufuriani kama saruji.

Ubaya ni kwamba Jumapili wazazi wa mchumba wa dada yangu Riziki walikuwa wanakuja kutuona. Ni wafanyabiashara wa Kivu Kaskazini, wenye maghala na malori. Sisi ni wajukuu wa mtu wa reli. Mama alikwisha kutangaza kwamba hatanunua soda, wageni watakunywa munkoyo ya kwetu. Na mizizi yake haitoki sokoni. Hutumiwa na mama yake, bibi yangu, tunayemwita Nkambo, aliyerudi kijijini Kasomeno babu alipofariki.

"Weye njo uliiua," mama akasema. "Weye njo utaenda kuifuata."

Ijumaa baada ya shule nilipanda lori la jirani yetu, Tonton Paluku, yaani Mjomba Paluku, anayekwenda kuchukua samaki. Yeye naye ni mtu wa Kivu. Barabarani, kati ya magunia ya makaa na vumbi jekundu lililonipaka poda bila kuniuliza, akataka kujua ninafuata nini.

"Munkoyo? Ni pombe?"

"Hapana, tonton."

"Ni uji?"

"Hapana."

"Sasa ile jina inasemaka nini?"

Nikaanza kuhesabu magunia. Akacheka hadi akapiga honi. "Unafuata kitu hata jina yake haujue! Mwanafunzi gani weye?"

Nilicheka pia, lakini nikawakumbuka wageni wa Jumapili, nao watu wa Kivu. Kama yeye ameuliza, wakwe wataacha kuuliza?

Kasomeno tulifika jua likizama. Nkambo alisikia kisa changu akaketi chini kabisa, apate nafasi ya kucheka vizuri.

"Bwana yangu," akasema, maana bibi zetu huwaita hivyo wajukuu wa kiume, "ulipika mizizi sawa nyama? Uliweka na nyanya?" Akamwita na jirani aje asikie. Kisha akanipa bukari, ule ugali wetu, na samaki, nikasamehe yote.

Jumamosi asubuhi alinipeleka porini nyuma ya shamba, akanionyesha mmea mdogo unaotambaa kwenye nyasi. Ningeukanyaga nikapita.

"Njo huyu Munkoyo. Ile munakunywaka kule iliombaka jina kwake. Bila yeye, iko uji tu."

Nikachimba. Udongo ulikuwa mgumu, na Nkambo hakunisaidia hata kidogo. Alisema macho yake yanatosha. Nilipotaka kung'oa mzizi wote alinipiga kofi mkononi.

"Acha kipande, ufunike. Ukiitoa yote, mwaka kesho mutakunywa jina."

Nyumbani tukaiponda mpaka ikawa nyuzi. Uji uliokwisha kupikwa tukauacha upoe, hadi kidole changu kikaweza kukaa ndani bila mimi kulia. Hapo ndipo nyuzi ziliingia, maana moto huziua nguvu. Akakoroga, na uji mzito ukalegea mbele ya macho yangu ukawa maji. Nilimwambia asante mara nyingi, akanifungia mizizi iliyobaki, akanifukuza nisikose lori.

Jioni, Lubumbashi, nilifanya kazi yote mwenyewe, mama amesimama nyuma yangu, mikono kifuani. Uji ukalegea. Tukauchuja, tukauacha ulale.

Jumapili, baba wa mchumba alionja, akatazama kikombe. "Jina yake inasema nini?"

Mama akatazama kitenge chake. Riziki akatazama ukuta. Nikasema: ni jina la mmea, unaota nyuma ya shamba la Nkambo, kinywaji kimerithi tu, kama mimi nilivyorithi jina la babu.

Mzee akanyoosha kikombe. "Basi muniongeze. Riziki, kwetu utatupikia hii."

Riziki akanikanyaga mguu chini ya meza. Kutoka kwake hiyo ni zawadi.

Walipoondoka, mama alikuwa akisuuza vikombe. Hakugeuka. Alisema hivi hasa:

"Miye nilizaliwaka mu kamp ya reli. Mizizi naijua, lakini huyu muti sijamuonaka hata siku moja. Vakanse ya masomo ikifika, utanipeleka. Utachimba weye, miye nitaikala tu, nikuangalie."