Jiwe la Kulamba Lililokuwa Bado Laini

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mvua za kwanza zimeshanyesha, nami ni binti ninayelelewa na shangazi yangu Tusekile kule Ubaruku. Shangazi alikuwa akitengeneza mawe ya kulamba ya ng'ombe, ya kuwaongezea madini. Alichanganya chumvi, unga wa mifupa, molasi, pumba za mpunga kutoka mashineni, yurea kidogo, ile ile ya mbolea, na saruji ya kushikilia. Akishayashindilia kwenye ndoo, aliyaanika kivulini mpaka yawe magumu kama tofali.

Asubuhi hiyo alikuja Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la Usangu na mifugo yake. Ng'ombe wake walikuwa wakitafuna mifupa malishoni, maana mnyama aliyepungukiwa madini hutafuna chochote. Mmoja, tena mwenye ndama, alikuwa amekabwa na mfupa akafa.

"Mama, nipe mawe," alisema. "Mkokoteni uko hapo nje."

Shangazi akalibonyeza jiwe moja kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Unyevu ulikuwa umeyazuia kukauka.

"Baba, haya sikupi."

"Mama! Wanakwisha, nakwambia!"

Nilimwonea huruma, nikadakia: "Shangazi, si tumpe tu? Yatakaukia kwake."

Alinigeukia, wala hakupaza sauti. "Jiwe gumu ng'ombe analilamba. Laini analimega, analimeza, na yurea nyingi ikiingia tumboni kwa mara moja inamuua. Hiyo huruma yako itamuulia zizi zima. Kalete chumvi."

Tukamchanganyia chumvi na unga wa mifupa, bila yurea, tukamjazia gunia. Shangazi akamweleza namna ya kuwawekea. Mzee alilibeba akaondoka bila kuaga. Sikumlaumu, mwenye njaa hana miiko. Ila shangazi hakula mchana ule, nikajua kumbe naye limemuuma.

Mpunga ulipovunwa, Mzee Masanja alirudi na majirani zake. Kabla hata ya salamu, akawaonyesha shangazi kwa mkono wote.

"Ndiye huyu mama aliyeninyima mawe mabichi," akawaambia. "Nunueni kwake."

Siku hizi natengeneza mawe yangu hapa Kilolo, na vijana mnanijia mkiulizia vipimo. Vipimo mtafundishwa na bwana mifugo, tena vizuri kuliko mimi. Langu ni hili. Mtu mwenye shida akikulilia, usimpe kitu kibaya eti kwa kuwa amekuomba. Heri lawama kuliko fedheha. Lakini pia, mwanangu, usiishie kwenye "hapana" ukafunga mlango. Ukimnyima kimoja, kaa chini umtafutie kingine kitakachomvusha.

Mungu aitie nguvu mikono yako, ailinde mifugo ya watu wanaokuamini, na akupe moyo wa kustahimili kununiwa kwa ajili ya haki. Nenda salama, mwanangu.